Hekalu la Kamakhya kule Assam: kweli mungu wao anaingia mwezini?

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili, naliweka hapa kwa ufupi ili na wengine wajue tunaongelea nini. Umesema umeona klipu ya hekalu moja India, ndani hakuna sanamu, kila mwaka linafungwa siku tatu sababu mungu wao wa kike yuko kwenye siku zake, mto unageuka mwekundu, na watu wanagombania vitambaa vyekundu. Ukauliza ni kweli au ni uzushi wa mitandao, hekalu lina umri gani, wanaabudu nini hasa kama sanamu hakuna, huo sio uchawi, na je mwanamke kama wewe akifika anaingia?

Kwa sehemu kubwa ni kweli. Hekalu linaitwa Kamakhya, lipo mji wa Guwahati, jimbo la Assam, kaskazini mashariki kabisa ya India, ile sehemu ambayo kwenye ramani inaonekana kama imening'inia nyuma ya Bangladesh. Kilima chake kinaitwa Nilachal, yani mlima wa buluu, na chini yake unapita mto Brahmaputra ambao ukiuona mara ya kwanza unaweza kudhani ni ziwa.

Ngoja nianzie ndani, sababu ukishajua ndani kuna nini mengine yote yanajipanga yenyewe. Hekalu nyingi za Kihindu unaingia unainua macho, mungu yupo mbele yako kapambwa, ana uso, ana macho, na hayo macho ndo unayoyafuata. Kamakhya unashuka. Unavua viatu, unapita kwenye kumbi moja baada ya nyingine, alafu unafika kwenye ngazi za mawe nyembamba zinazoteremka gizani, kuta zimelowa, taa za mafuta ndo zinaonyesha njia, mbele yako mgongo wa mtu na nyuma yako pumzi ya mtu. Chini kabisa kuna mwamba. Mwamba wenyewe unateremka kutoka pande mbili unakutana kwenye ufa wenye umbo la uke, kina chake kama inchi 10 hivi, na maji ya chemchemi yanatoka chini ya ardhi yanaujaza muda wote. Hicho ndicho wanachokiabudu. Kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, wanaita yoni, neno linalobeba uke, tumbo la uzazi na pia chimbuko, yote kwa pamoja. Na hata huo mwamba kwa macho huuoni vizuri, umefunikwa kitambaa na maua, hasa yale mekundu ya haibiskasi, unachofanya ni kupiga magoti, unapeleka mkono, unagusa maji, unakunywa kidogo, unajipaka kwenye paji la uso, unapanda kupisha wengine. Basi. Mimi kwa miaka yote niliyosoma habari za ibada za India sijaona sehemu nyingine inayobana dini nzima kwenye jambo dogo kiasi hicho, maji kwenye jiwe, na unayapata kwa mkono kwenye giza.

Hapa niongeze kitu, sababu kwetu watu wengi Uhindu wanaujua kupitia Wagujarati wa Dar, Mombasa na Nairobi, wale wanaocheza garba usiku tisa za Navratri. Mungu wa kike wanayemwimbia zile usiku ni Amba, na hekalu lake maarufu kule Gujarat, la Ambaji, nalo halina sanamu, kuna mchoro mtakatifu tu ambao kuhani anauhudumia akiwa amefungwa kitambaa machoni. Kwahiyo kutokuwa na sanamu sio kioja cha Assam peke yake, ila Kamakhya wameenda mbali zaidi, hawana hata mchoro.

Sasa wenyewe wanaelezeaje? Stori ni hivi. Sati, binti wa Daksha, aliolewa na mungu Shiva ambaye baba mtu hakumtaka, si unajua mkwe mwenye majivu mwilini anayeshinda kwenye viwanja vya kuchomea maiti. Daksha akafanya sadaka kubwa akaalika miungu yote isipokuwa huyo mkwe. Sati akaenda bila kualikwa, akamsikia baba yake anamtukana mumewe mbele za watu, hakuvumilia, akajitoa uhai palepale. Shiva akapagawa kwa msiba, akaubeba mwili wa mkewe begani akazunguka nao dunia nzima akicheza ngoma ya maangamizi, dunia ikatetemeka, mpaka mungu mwenzie Vishnu akaukata mwili vipande na gurudumu lake ili mzigo uishe begani kwa mwenzie. Kila kipande kilipoanguka pakawa mahali patakatifu, hesabu ya kawaida ni sehemu 51, zimetawanyika India, Bangladesh, Nepal mpaka Pakistan. Uke ukaangukia Nilachal, mlima ukageuka buluu.

Hiyo imeandikwa kwenye Kalika Purana, kitabu cha huko huko Assam cha karne ya 10 au 11 hivi, ingawa huko ndani wanaoukata mwili wanaelezwa tofauti kidogo na hii ninayokuhadithia, ambayo ndo watu wanayoijua. Lakini kitabu hichohicho kinatoa na sababu nyingine kabisa, kwamba kile kilima ndiko mungu huyo alikokuwa anakuja kwa siri kukutana kimapenzi na Shiva, na ndo maana jina lake lina neno "kama", ambalo kwao ni matamanio. Kwahiyo mahali pamoja pana kifo na pana mapenzi. Wataalamu wanapoona kitabu kimoja kina maelezo mawili ya mahali pamoja mara nyingi wanahisi kwamba mahali palikuwepo kwanza, maelezo yamekuja baadaye.

Na kiukweli hapo ndo moyo wa jibu langu ulipo. Bani Kanta Kakati, msomi wa Assam aliyeandika juu ya Kamakhya mwaka 1948, alisema ibada ya pale asili yake ni ya watu wa milimani, Wakhasi na Wagaro, waliokuwa wanatoa sadaka pale kabla Wabrahmana, tabaka la makuhani wa Kihindu, hawajafika na vitabu vyao. Hao Wakhasi na Wagaro bado wapo, wanaishi milima ya Meghalaya kusini tu ya Guwahati, na mpaka leo ukoo kwao unafuata mama, kama Wayao na Wamakonde kwetu. Hata vitabu vyenyewe vya Kisanskriti vinakiri, kimoja kinaitwa Yogini Tantra kinasema wazi dini ya mahali pale ni ya Wakirata, jina walilokuwa wanawaita watu wa milimani. Fikiria kuhani anaandika kitabu kitakatifu alafu anakiri hii ibada tumeikuta kwa wenyeji. Mimi nauheshimu sana huo ukweli wao.

Umri sasa. Ukitaka ushahidi wa maandishi sio stori, ni hivi: msafiri wa Kichina Xuanzang alifika ufalme wa Kamarupa, yani Assam ya zamani, kwenye miaka ya 640 enzi ya mfalme Bhaskaravarman, aliandika mengi lakini Kamakhya haitaji. Karne ya 9 ndo jina linatokea, limechongwa kwenye mabamba ya shaba ya mfalme Vanamala, na mawe ya zamani yaliyobaki kilimani yanaonyesha kulikuwa na hekalu kubwa la mawe kwenye karne ya 8 au 9. Ibada yenyewe ya chemchemi bila jengo ni ya zamani zaidi ya hapo, lakini hiyo haiachi maandishi.

Hilo hekalu la mawe lilivunjwa. Waongoza wageni wengi watakwambia aliyevunja ni Kalapahar, jemadari wa watawala wa Bengal, na wanakwambia kwa uhakika kabisa, lakini tarehe zinakataa. Hekalu lililopo leo limekamilika mwaka 1565, ipo maandishi ya Kisanskriti ndani yenye mwaka 1487 wa Saka, kalenda ya kale ya India, ambao ndo huo, na vita vya Kalapahar kwenye nchi ile vimekuja miaka michache baada ya hapo. Wanahistoria sasa wanaelekea kwenye uvamizi wa Hussein Shah wa Bengal mwaka 1498, alipoubomoa ufalme wa Kamata uliotawala sehemu zile. Nalisema hili kwa msisitizo sababu stori za nani kavunja hekalu la nani India zinawasha moto, ni vizuri mtu akataja tarehe kabla ya kutaja jina.

Aliyejenga upya ni mfalme Naranarayan wa ukoo wa Koch pamoja na ndugu yake Chilarai, jemadari aliyepewa jina la mwewe kwa jinsi alivyokuwa anashambulia. Baba yao Biswa Singha ndo alikuwa ameifufua ibada. Fundi aliyepewa kazi anaitwa Meghamukdam, akajaribu kuinyanyua tena paa ya mawe ikashindikana mara mbili, akaachana na mawe akatumia matofali, na ndo likatoka lile kuba la mviringo linalofanana na mzinga wa nyuki ambalo hulioni kwenye hekalu za sehemu nyingine za India. Yani ukilitazama kwa nje unaona chini mawe yaliyochongwa ya zamani, juu tofali za fundi aliyekwama akatafuta njia. Muundo huo umekuwa mtindo, hekalu nyingine za Assam zimeuiga.

Ila familia hiyohiyo ya Koch haiingii. Inasemekana kulikuwa na kuhani anaitwa Kendukalai, akiimba wakati wa ibada ya jioni mungu mwenyewe alikuwa anatoka anacheza. Mfalme akamshawishi kuhani amruhusu achungulie. Mungu akajua, kichwa cha kuhani kikaruka, na mfalme akalaaniwa yeye na uzao wake, wasilitazame tena hekalu hata kwa mbali. Kwa vizazi na vizazi watu wa ukoo ule wakipita chini ya kilima walikuwa wanajifunika na mwavuli. Waliojenga nyumba ndo wasioruhusiwa kuiona, hiyo stori kila nikiisimulia inanigusa.

Baadaye wakaja wafalme wa Ahom, watu ambao asili yao ni upande wa Burma na mwanzo hawakuwa Wahindu kabisa. Mfalme Rudra Singha akamwita kuhani kutoka karibu na Shantipur, Bengal, anaitwa Krishnaram, mwanawe Siva Singha akamkabidhi usimamizi wa hekalu, na mwaka 1759 Rajeswar Singha akajenga ule ukumbi wa mbele. Ukipita ukumbi mmoja mpaka mwingine unapita tawala.

Haya, siku tatu za kufungwa. Inaitwa Ambubachi, inakuja mwezi wa sita, kuanzia kama tarehe 22 hivi, mvua za monsuni zimeshaanza na Brahmaputra umefurika. Wanasema Mama, ndivyo wanavyomwita mungu wao, ameingia mwezini. Milango inafungwa, ibada inasimama, na hekalu nyingine za Guwahati nazo zinafungwa. Ila haliishii hekaluni, ardhi yenyewe inahesabiwa iko kwenye siku zake. Mkulima halimi, hachimbi, hapandi, wajane wa Kibrahmana hawali chakula kilichopikwa, vitabu vitakatifu havifunguliwi. Angalia na kalenda ya mpunga: mvua imeloweka udongo, sasa unaachwa upumzike, alafu ndo kazi ya kupanda inashika kasi. Mtu yeyote aliyekulia kwenye kilimo analielewa hili bila kufafanuliwa, na mtu aliyekulia kwenye jamii yenye unyago anaelewa kwanini wanaomsubiri Mama nje ya mlango wanasubiri kwa furaha na sio kwa aibu, hedhi kwao ni taarifa kwamba uzazi upo.

Nje sasa ni bahari ya watu, laki kadhaa, wamelala kilima kizima. Wanakuja watawa wenye mavazi mekundu, wengine wa majivu, wengine hawaonekani hadharani mwaka mzima isipokuwa siku hizo, wanakuja Wabaul, waimbaji wa dini wa Bengal, na vinanda vyao vya kamba moja, wanakuja bibi zetu wa kawaida tu wa vijijini na vifurushi kichwani. Siku ya nne Mama anaogeshwa, mlango unafunguliwa, na watu wanagawiwa tabaruku ya aina mbili: angodak, yani maji ya mwilini mwake, na angabastra, kipande cha kitambaa chekundu kilichokuwa kimefunika ule mwamba siku zile tatu. Hicho ndo ulichoona wanagombania. Mtu anakifunga mkononi au anakiweka nyumbani miaka. Mwaka 2020 na 2021 mkusanyiko wa watu ulifutwa kwa ajili ya korona, ibada ikafanywa na makuhani wenyewe.

Mto mwekundu hapana. Brahmaputra mwezi wa sita umebeba udongo kutoka Himalaya, rangi yake ni chai ya maziwa. Wanachoamini waumini ni kuhusu maji ya chemchemi kule ndani, na siku zile hakuna muumini anayeshuka kutazama. Klipu nyingi zinachukua picha ya mto wowote zinaipaka rangi, usizisambaze.

Damu ipo lakini, na hili sitakuficha sababu umeuliza wanaabudu vipi. Kila siku alfajiri kuna kuoga, ile chemchemi na mwamba vinahudumiwa, ndo mlango unafunguliwa kwa watu, mchana unafungwa kidogo Mama ale, jioni taa. Na pamoja na maua na nazi kuna sadaka ya wanyama, mbuzi na njiwa zaidi, nyati kwenye sikukuu kubwa, kichwa kinakatwa kwa pigo moja, na kwa kawaida ni madume tu, jike halitolewi. Njiwa wengine na mbuzi wengine wanaachiwa huru tu, utawakuta wanazurura uani wamepakwa rangi nyekundu. Kalika Purana ina sura nzima ya damu na inataja mpaka binadamu, hiyo ni ya maandishi ya kale. Wapo Wahindu wengi sana wasiokubali sadaka ya damu kabisa, Wagujarati wetu wengi wala nyama hawali, kwahiyo usije ukamuuliza jirani yako Patel mbona mnachinja mbuzi, utamkwaza bure.

Uchawi? Hapana, ingawa Assam tangu zamani imesifika India nzima kama nchi ya wachawi. Njia yao inaitwa tantra. Kwa lugha nyepesi, wengine wanamkaribia Mungu kwa kuukimbia mwili, hawa wanaukaribia utakatifu kwa kupitia mwili wenyewe, damu yake, matamanio yake, hata vile vitu ambavyo dini nyingine ya Kihindu inaviita najisi. Ndo maana kilima kizima kimejaa hekalu ndogo za wale wanaoitwa Mahavidya kumi, sura kumi za mungu mmoja, kuna Kali, kuna Chhinnamasta aliyejikata kichwa mwenyewe, kuna Dhumavati ambaye ni mjane mzee, kuna Bhuvaneshwari juu kabisa kileleni. Mzee, mjane, wa kutisha, mrembo, wote ni yeye.

Na kuna kitu kimoja cha pale ambacho Mswahili wa pwani hakitamshangaza hata kidogo. Mwezi wa nane, kwenye sikukuu ya Manasa, mungu wa nyoka, kuna ngoma inaitwa Deodhani. Wanaume wa kawaida, sio makuhani, wanapandwa na miungu, wanacheza siku tatu ngoma zikilia, wanakanyaga makali ya panga, wanakunywa damu ya mbuzi, watu wanawasogelea kuuliza mambo yao. Aliyepandwa wanamwita ghora, yani farasi, sababu mungu amempanda. Sisi tunasema kiti, pepo amekalia kiti chake. Nilipolisikia lile neno mara ya kwanza nilinyamaza kwa muda, milima ya Assam na Tanga vimeifikia picha ileile, mtu anakuwa kitu cha kukaliwa.

Yapo na mengine, Durga Puja yao, sikukuu ya mungu wa kike Durga, inachukua wiki mbili badala ya siku chache, na kuna ibada ya Kumari, msichana mdogo ambaye hajavunja ungo anakalishwa, anaoshwa miguu, anavishwa nyekundu, na watu wazima wanamsujudia yeye kama Mama mwenyewe. Hiyo inafanyika pale karibu kila siku. Usimamizi wa hekalu uko kwa familia za makuhani wa jadi, Bordeuri, wanaochagua kiongozi wao anaitwa doloi. Kulikuwa na mgogoro mrefu na bodi nyingine iliyotaka madaraka hayo, mahakama ya juu kabisa ya India ikaamua mwaka 2015 kwamba ni ya Bordeuri.

Swali lako la mwisho. Mwanamke anaingia, anashuka mpaka chini kama wanaume, na wanaojaa pale wengi ni wanawake. Lakini akiwa kwenye siku zake haruhusiwi kushuka. Ndiyo, hapohapo, kwenye nyumba ya mungu ambaye hedhi yake inakusanya laki za watu. Wasichana wa Assam wenyewe wanaliuliza hili kwa sauti miaka hii, na mimi niko upande wao. Wapo makuhani wanaojibu kwamba ni kumpumzisha mwanamke kama Mama anavyopumzika, sawa, ila Mama akipumzika nchi nzima inasimama kumngojea, na yule binti anaambiwa tu rudi wiki ijayo. Sijaona jibu linaloniridhisha.

Ukienda, kama hupendi msongamano epuka mwezi wa sita, nenda mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, panga foleni asubuhi na mapema, na simu usiitoe kule ndani. Na taksi isikupandishe mpaka juu. Ipo njia ya zamani ya mawe, Mekhelauja, wanasema aliijenga jini mkubwa Naraka aliyetaka kumuoa Mama. Mama akamwambia sawa, nijengee ngazi kutoka chini mpaka juu kabla jogoo hajawika. Jamaa akajenga usiku kucha kwa nguvu zote, amebakiza kidogo tu, Mama akamfanya jogoo awike mapema. Naraka kwa hasira akamkimbiza jogoo akamuua, na hapo alipomchinja panaitwa Kukurakata mpaka leo. Mawe yake yamelainika kwa miguu ya watu, vaa kitu kisichoteleza, na beba maji.